Ufunguo wa Nalangu

Mama Fausta hapendi kusifiwa, kwa hiyo nitaanza na ubaya wake. Ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza akahakikishe. Wali wake ulikuwa mzuri, lakini mchuzi aliupima kwa kijiko kama anayempa mtoto dawa, na madereva wa malori wakimwomba aongeze aliwaambia wakaongezewe na wake zao. Walicheka, na safari nyingine walirudi palepale. Cherehani yangu ilikuwa ukuta kwa ukuta na kibanda chake hapa Mikumi, kando ya barabara kuu, kwa hiyo ninayoyasema mengi nimeyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki nimeyasikia kupitia mabati.

Jina lake la ubatizo ni Hildegarda. Alizaliwa Vidunda, juu milimani, na tangu nimjue hajaacha kuisifia Vidunda. Maji ya Mikumi yana chumvi, ya Vidunda matamu. Mikumi joto linaua, Vidunda watu wanalala na blanketi mwaka mzima. Hapa nyani wanaingia mpaka jikoni kuiba mikate, kule nyani wana adabu. Siku moja nilichoka nikamuuliza, kama kwenu ni kuzuri hivyo, huku chini unafanya nini? Akasema siku yake ya kurudi ipo, ila kuna jambo moja halijakaa sawa. Jambo lenyewe lilikuwa chama chetu cha kuweka na kukopa.

Ili umwelewe lazima nikurudishe nyuma kidogo, mpaka Kilosa mjini. Mumewe alikuwa fundi wa reli na waliishi Mabwerebwere. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kiliruhusiwa ghafla. Madukani kukajaa redio na mitumba, mtu yeyote aliweza kuuza chochote, na wakati huohuo wenye ajira wakawa wanapunguzwa kazini mmoja baada ya mwingine. Benki waliyozoea kuweka akiba ilifunga tawi. Chama cha ushirika kilichokuwa kikiwakopesha wakulima mbegu kilibaki jengo na mlinzi. Basi akina mama wa Mabwerebwere wakaona hakuna wa kumngoja. Wakachanga, wakanunua sanduku la bati lenye kufuli mbili, wakawa wanaweka na kukopeshana. Ufunguo mmoja alishika Hildegarda, wa pili alishika wifi yake.

Chama kile kilikufa, na hakuna aliyeiba hata senti. Hapo ndipo mtu asiyejua mambo yetu anaposhindwa kuelewa. Kwanza mtoto wa jirani alizidiwa, ikabidi apelekwe hospitali kubwa, wakafungua sanduku bila mkutano. Nani angekataa? Baadaye ukatokea msiba, na msiba una sanda na watu wa kulishwa. Kisha mwenzao mmoja akatolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Kisha ikaja harusi ya binti wa mama ambaye hakuwahi kukosa harusi ya mtu. Kila mara alikuja mtu mwenye shida ya kweli na machozi ya kweli, na kila mara mwenye ufunguo alikuwa wifi wa mwenye shida, au shemeji, au somo, au mkwe. Utamwambiaje mkwe wako angoje mkutano?

Msimu wa kulima ulipofika, wanachama wa kawaida walikuja kukopa hela ya mbegu na kukodi vibarua, wakakuta sanduku linalia sarafu chache likitikiswa. Wengi wao walikuwa wanawake wa pembeni, wasiopenda makuu, waliokuwa wameweka kila wiki bila kuomba kitu. Mashamba yao yalikaa na nyasi mwaka ule. Mama Fausta alinisimulia habari hii mara nyingi, na kila alipofika hapa sauti ilibadilika. "Tuliwahurumia waliolia, Mama Samson," aliniambia, "tukawaibia walionyamaza."

Mumewe naye alipunguzwa, akapewa kiinua mgongo, na haukupita muda mrefu akafariki. Mjane huyu alimwacha bintiye Fausta, aliyekwisha kuolewa, pale Kilosa, akachukua kilichobaki, akaja Mikumi kufungua kibanda cha chakula. Mimi nilimpokea kama jirani. Nilidhani nimepata mtu wa kupiga naye soga. Kumbe nimepata mwenyekiti.

Ulikuja mradi, kama ilivyokuwa inakuja miradi siku zile, na gari jeupe na wataalamu wenye chati za karatasi. Walitufundisha kuunda chama, wakatupa sanduku la kijani lenye kufuli tatu. Kila ufunguo, walisema, ushikwe na mtu wake. Chama tukakiita Tusiachane. Ufunguo wa kwanza nilipewa mimi. Wa pili alipewa mzee Onesphory, aliyekuwa karani wa ushirika mpaka ulipomfia mikononi, mtu mpole ambaye hata risiti ya kiberiti aliiandika kwa hati ya kupendeza. Wa tatu kila mmoja wetu alijua utakwenda kwa mwenye duka la jumla, maana alikuwa ameshavaa shati la kupokelea. Mama Fausta akasimama akasema ufunguo wa tatu apewe Nalangu.

Nalangu alikuwa mke wa mfugaji mmoja aitwaye Lekishon, na boma lao lilikuwa mbali kwenye nyanda za chini, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua likolee. Maziwa yake yaliletwa mjini na mabinti zake. Yeye mwenyewe alionekana siku ya mnada wa mifugo wa kila mwezi tu, na ndiyo siku tuliyokuwa tukikutania. Alikuwa mwanachama kama sisi, analipa hisa zake bila maneno mengi. Lakini minong'ono iliyotokea pale si ya kuandika yote. Siku zile wakulima na wafugaji hawakuwa wakitazamana vizuri kwa ajili ya ng'ombe na mashamba. Mmoja akauliza, hawa watu wanahama, akihama na ufunguo je?

Mama Fausta akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu anamtaka. "Nionyesheni mwingine humu ndani," akasema, "ambaye si shemeji wa mtu."

Tukatazamana. Mwenye duka la jumla alikuwa ameoa dada wa mama muuza samaki, mama muuza samaki alikuwa somo wa mke wa fundi baiskeli, na fundi baiskeli ni binamu yangu mimi. Tulicheka mpaka mzee Onesphory akafuta macho. Nalangu akaupokea ufunguo kwa mikono miwili, akauchomeka kwenye kamba ya shanga zake shingoni, na tangu siku ile ikawa kanuni: pasipo mnada hakuna Nalangu, na pasipo Nalangu hakuna sanduku. Mtu akija na shida katikati ya mwezi, tulimsikitikia kwa dhati, tukamchangia kutoka mifukoni mwetu, lakini la sanduku tulimwonyesha kwa kidole kule mbugani.

Mwaka ulipoisha wataalamu walitufundisha kwamba sasa tugawane fedha zote na faida yake, kisha tuanze upya. Watu walikuwa wameshaanza kupiga hesabu za khanga. Nalangu akanyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mnamgawana ng'ombe mwenyewe? Maziwa hayatoshi?" Mwanzoni tulimtania kwamba Mmasai hata kwenye hela anaona ng'ombe. Lakini mzee Onesphory akavua miwani, akakiri kwamba hilohilo lilikuwa kwenye ulimi wake tangu asubuhi, ila aliogopa kupigwa. Tulibishana mpaka mnada ukaisha na vumbi likatulia. Mwisho tukakata kauli kugawana sehemu ya faida, na mfuko wenyewe ubaki uendelee kukua. Wachache walikasirika wakachukua chao wakaondoka, kisha wakarudi mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa safarini.

Mradi ukaisha, gari jeupe likaondoka na chati zake, sisi tukabaki na sanduku letu. Tulikopeshana hela za mbegu, za vibarua, za mtaji wa vitumbua. Mimi nilipata cherehani ya pili. Watu wa kijiji cha Lumuma walituma mtu kuuliza tunafanyaje. Kwa nje tulikuwa chama cha kupigiwa mfano. Ila wote tulijua, na Mama Fausta alijua kuliko sisi, kwamba Tusiachane ilisimama kwa mdomo wake. Ni yeye aliyewafukuza waombaji wa katikati ya mwezi kwa maneno makali kiasi kwamba walikwenda kulalamika kwa padri. Akiugua malaria, mkutano uligeuka kuwa kelele. Akisafiri kwenda Kilosa kumwona Fausta, watu walianza kunijia mimi kwa sauti ya kunong'ona.

Jambo hili lilimnyima raha. Kaka yake kule Vidunda alikuwa mzee, mguu unamsumbua, na kila mwaka alimtumia salamu kwamba shamba la mama yao linamngoja. Kila mwaka alijibu kwamba mwakani. "Nikiondoka leo," alikuwa akiniambia huku akichochea moto, "kesho mtafungua sanduku kwa ajili ya msiba wa mbuzi." Nilimwambia anajipa ukubwa. Moyoni nilijua anasema kweli.

Basi ikaja ile X.

Watu wa barabara walipita asubuhi na kopo la rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye kila kibanda kilichosogea barabarani mno. Changu kilinusurika kwa upana wa cherehani. Cha Mama Fausta kilipata X kubwa mpaka mlangoni. Alitakiwa akibomoe kabla mwezi haujaisha. Nyuma kidogo tu, hatua chache kutoka kituo cha mabasi, kulikuwa na fremu nzuri ya duka, ya tofali, ambayo mwenyewe alikuwa anahamia Morogoro na anaiuza. Mama Fausta aliitamani waziwazi. Mwenye fremu alimpenda, akampunguzia, lakini akamwambia ukweli: kuna mtu wa Dar es Salaam anaitaka, na Jumamosi atakayekuja na fedha ndiye atakayeondoka na ufunguo wa mlango. Mnada ulikuwa bado sana.

Jioni wanachama walijikusanya kwenye kibaraza changu bila kuitwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wa kwanza kusema alikuwa Lea, mama muuza vitumbua, ambaye katika mikutano huwa hasikiki. Alisema kama kuna mtu wa kufunguliwa sanduku siku isiyo yake, ni huyu. Wengine wakaitikia. Mzee Onesphory alichomoa ufunguo wake kutoka mfuko wa koti akauweka juu ya meza ya cherehani. Nami nikauweka wangu kando yake, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri kuuweka, kama mtu anayemlipa mwenzake fadhila.

Mama Fausta alizitazama zile funguo mbili. Nilingoja atushukie kwa matusi yake ya kawaida, atukumbushe Mabwerebwere. Hakutukumbusha. Alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepika kwenye moshi miaka mingi, na leo anaambiwa aanze tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kesho atakwenda kwa Nalangu, kama nitapenda kumsindikiza.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza, tukapita mashamba ya mtama, kisha miti ikapungua, ikabaki nchi tambarare yenye miiba na njia za ng'ombe. Kwa kawaida Mama Fausta huongea safari nzima. Siku ile aliongea kuhusu viatu vyangu tu, kwamba si vya safari. Nilimwambia fremu ile itampendeza, aweke na meza ya nje. Akaitikia kwa mguno.

Bomani watoto walitukimbilia wakainamisha vichwa tuwaguse, ndivyo wanavyowaamkia wakubwa. Nalangu alitoka akiinama kwenye mlango wa nyumba yake, akamwamkia Mama Fausta shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alitukalisha kwenye vigoda, akatupa chai yenye maziwa mengi kuliko maji, akatuuliza habari za watu wote wa Mikumi mpaka wale asiowapenda. Ufunguo ulikuwa palepale shingoni, unang'aa katikati ya shanga. Sikuweza kuuondolea macho.

Mama Fausta akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi: X, fremu, mtu wa Dar es Salaam, Jumamosi. Akasema wenzake wameshatoa funguo zao kwa hiari. Nalangu alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Mama," akauliza, "yule wa kwanza wa Mabwerebwere uliyetusimulia, mwenye mtoto mgonjwa. Shida yake ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli," akasema Mama Fausta.

"Na yule wa msiba?"

"Ya kweli."

"Na yako ni ya kweli. Nimeiona usoni mwako tangu ukiwa nje ya uzio." Akaufunika ufunguo kwa kiganja. "Kwa hiyo sitakupa."

Mimi nilipandwa na hasira. Nilimwambia Nalangu kwamba bila mama huyu angekuwa bado anaficha hela zake kwenye kibuyu, kwamba tulipomteta ni nani aliyemtetea, na mengine ambayo njiani nilitamani kuyarudisha. Nalangu alimtazama Mama Fausta peke yake.

"Ulinichagua kwa sababu mimi si ndugu wa mtu," akamwambia. "Sasa unataka niwe ndugu yako leo tu, na kesho akija mwingine niwe mgeni tena. Siwezi, mama. Siku ya mnada nitafika mapema. Utakaa kwenye foleni kama sisi."

Mama Fausta hakubishana, na mimi niliyezoea ubishi wake niliogopa. Aliweka kikombe chini polepole.

"Hilo la sanduku limekwisha," Nalangu akasema, akainuka. "Sasa la kwangu mimi." Akaingia zizini, akarudi anavuta mbuzi jike mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, akamkabidhi Mama Fausta kamba. Alisema huyu hatoki kwenye sanduku, anatoka kwake, na akipenda amuuze asaidie kuhamisha vitu. Kisha akatueleza desturi yao, kwamba waliopeana mbuzi hawaitani tena kwa majina ya kawaida. Tangu siku hiyo hatamwita tena Mama Fausta. Atamwita Pakine, naye amwite yeye vivyo hivyo, maana mbuzi amepita kati yao. Akamgusa bega, akatusindikiza mpaka mwisho wa uzio.

Kama hujawahi kumpeleka mbuzi wa mbugani mjini, nakuombea usijaribu. Alikataa kutembea. Alipokubali alikwenda upande wa kule tulikotoka. Mimi nilisukuma nyuma, Mama Fausta akavuta mbele, viatu vyangu ambavyo si vya safari vikatoa soli. Nilikuwa bado nimekasirika, nikawa namlaani Nalangu kwa kila mwiba. Tulipofika penye kivuli chembamba cha mkwaju, Mama Fausta akasimama, akakaa chini palepale mavumbini na kamba mkononi, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analilia fremu yake. Nikapiga magoti kumbembeleza. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka vilevile.

"Amenikatalia," akasema. "Umeona? Mimi mwenyewe. Amenikatalia."

Nikamwambia nimeona, na si jambo la kuchekea.

"Mama Samson," akasema, akifuta uso kwa ncha ya khanga, "naweza kwenda nyumbani."

Nilidhani anasema Mikumi, nikamwambia basi twende, jua ni kali. Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea milimani, upande wa Vidunda, ambako hata mchana ule ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira yangu yote kwa Nalangu ikageuka kuwa huzuni ya kumpoteza jirani. Nikakaa naye mavumbini. Mbuzi, kwa mara ya kwanza, akatulia.

Jumamosi mtu wa Dar es Salaam alilipa, akaichukua fremu. Akaifanya duka la spea, nalo lina wateja mpaka leo, na kila nikipita pale moyo unaniuma kidogo. Sitadanganya kwamba Mama Fausta hakupoteza kitu. Wanachama walikibomoa kibanda chake kwa mikono yao, bati kwa bati, bila kumtoza, wakakisimamisha upya kwenye njia ya nyuma karibu na uwanja wa mnada. Madereva wengi hawakumfuata huko. Waliomfuata walilalamika kwamba wanatembea mbali kwa kijiko kimoja cha mchuzi. Mbuzi hakuuzwa, kwa kuwa hakukuwa na cha kulipia. Mama Fausta akampa jina Kufuli.

Siku ya mnada Nalangu alifika mapema kama alivyosema. Alipomwita Mama Fausta kwa jina la Pakine mbele za watu, wote wakageuka. Habari ya bomani ilikuwa imeshatangulia, nami ndiye niliyeitanguliza. Lea alimpisha Mama Fausta asogee mbele ya foleni, naye akakataa, akasubiri zamu yake, akaomba mkopo mdogo wa meza na sufuria, akaulizwa maswali yaleyale anayoulizwa kila mtu. Akina mama waliokuwa wamezoea kuja kwangu katikati ya mwezi kunong'ona waliacha. Maana utasema nini? Kama Pakine mwenyewe alirudi na mbuzi, wewe utarudi na nini?

Alimaliza mkopo wake, akakabidhi uenyekiti kwa Lea, akapakia sufuria na Kufuli kwenye lori la kwenda upande wa milima. Siku ile nililia hadharani, na mzee Onesphory alijifanya anatafuta miwani.

Mwaka juzi nilipanda Vidunda kumwona. Nililala njiani, nikamalizia kwa miguu nikihema kama bibi arusi aliyechelewa, na kila nilipopumzika nilisema kimoyomoyo, kumbe hakutudanganya, maji ni matamu kweli. Nilimkuta barazani kwake amevaa sweta, anachambua maharage kwenye ungo. Mbele yake mbuzi weusi wenye doa jeupe walikuwa wanatafuna ganda la ndizi, vizazi vya Kufuli. Alipiga kelele aliponiona, akanikumbatia, akaniambia nimenenepa na kwamba viatu bado si vya safari.

Tuliongea asubuhi yote. Nilikuwa nimekwenda na habari zangu zimepangwa vizuri kichwani: kwamba Lea sasa anasikika kuliko redio, kwamba mzee Onesphory ana mtoto wa jicho na amemfundisha mjukuu wake kuandika, kwamba Nalangu alipohama na ng'ombe wakati wa ukame alitembea safari ndefu kurudi kwenye mnada akiwa na ufunguo shingoni. Nilingoja aniulize. Akaniuliza bei ya mchele, akaniuliza habari za Fausta na wajukuu, akanieleza kwa kirefu mguu wa kaka yake. Nilianza kuumia kidogo, kwa ajili ya chama.

Nikaona nimsaidie. "Leo wenzetu wanafungua," nikasema.

"Wanafungua nini?" akauliza, macho kwenye ungo.

Nikamtazama. Mkono wake ukasimama katikati ya maharage. Miaka yote ya Mikumi mwanamke huyu aliishi kwa kuhesabu minada, hakuna aliyehitaji kalenda kama yeye yupo. Akageuza uso kuelekea bondeni, kule chini ambako mawingu yalikuwa yameifunika nchi yote mpaka Mikumi.

"Kumbe leo ni mnada," akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Akaokota kijiwe kutoka kwenye maharage, akakitupia kuku, akaniuliza kama nitakunywa chai ya maziwa ya mbuzi, maana huku kwao hakuna mengine.